Kifyonza vumbi cha karakana ya useremala: mambo ya kujua kabla ya kutoa fedha

Ukiteremka kutoka Uyole kuelekea Tukuyu, ukifika Kiwira unasikia mashine za mbao kabla ya kuziona karakana zenyewe. Si ajabu. Wilaya ya Rungwe ina Shamba la Miti Kiwira, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na wakulima wengi wana miti yao ya paini na milingoti pembeni ya migomba na chai. Mafundi wetu hutengeneza vitanda, milango, madawati, makabati ya jikoni na fremu za madirisha. Kila kazi kati ya hizo huacha kitu ambacho hakuna mteja anayekilipia: vumbi.

Fundi mmoja, msikilizaji wetu, alituuliza swali lililozaa makala hii. Amekuta dukani vifyonza vumbi viwili. Cha kwanza kimeandikwa wati 1,200, cha pili wati 2,400, na hicho cha pili ndicho chenye bei ndogo. Achukue kipi?

Jibu fupi ni kwamba wati peke yake hazitamsaidia kuchagua. Kuna mambo matatu ya kujua kwanza: vumbi lake linatoka kwenye mashine gani, hewa kiasi gani inapita kwenye bomba, na kichujio kinazuia nini. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalogusa mapafu. Kifyonza chenye kichujio kibovu husafisha sakafu na kuchafua hewa. Kinameza maranda unayoyaona, halafu kinatema kwa nyuma ule unga mwembamba usiouona.

Vumbi linaloumiza ni lipi

Mbao hutoa vumbi la ukubwa tofauti kulingana na kazi. Randa hutoa maranda, msumeno hutoa unga mzito kidogo, msasa hutoa unga laini kama poda. Maranda huanguka chini. Unga mzito hukwama puani na kooni, na mtu huutoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Unga laini kabisa, wenye upana chini ya maikroni 10, hukaa hewani muda mrefu na unaweza kushuka hadi ndani ya kifua. Maikroni 1,000 hufanya milimita moja, na unywele wa binadamu una upana wa kama maikroni 50 hadi 100. Kwa hiyo karakana inaweza kuonekana safi huku hewa yake ikiwa imejaa.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo nchini Uingereza, Esmé Hadfield, aliona kwamba saratani ya pua ambayo kwa kawaida ni nadra ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani wa High Wycombe, mji uliojulikana kwa kutengeneza viti. Yeye na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1968. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Saratani hiyo bado ni nadra, na hatuandiki haya ili fundi aache kazi yake. Matatizo yanayowapata wengi zaidi ni kikohozi kisichoisha, mafua ya kila wakati, pumu, macho kuwasha na ngozi kututumka. Hapa Tanzania, Larama Rongo na wenzake walichunguza wafanyakazi wa viwanda vidogo vya mbao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba dalili za matatizo ya njia ya hewa zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa watu wasiofanya kazi kwenye vumbi hilo.

Mbao nazo hazifanani. Ushahidi wa saratani ni mkubwa zaidi kwa vumbi la mbao ngumu. Mvule na mtiki hujulikana kwa kuwasha ngozi na njia ya hewa. Paini haina sifa mbaya kama hizo, lakini nayo huchochea pumu. Mbao za kutengenezwa za MDF, zinazotumika sana kwenye makabati, hutoa unga laini kuliko mbao za kawaida, na gundi yake huwa na kemikali ya fomaldehaidi.

Kwetu Kiwira kuna jambo la ziada. Mvua ni nyingi, na miezi ya Juni na Julai ni ya baridi. Fundi anafunga mlango, anashusha turubai dirishani, halafu anapiga msasa. Wenzetu wa Kyela wanafanya kazi upepo ukipita; sisi mara nyingi tunafanya kazi ndani ya chumba kilichozibwa. Aliyemo ndani si fundi peke yake. Kuna kijana anayejifunza kazi, kuna mteja anayesubiri, na wakati mwingine kuna mtoto aliyemletea baba yake chakula.

Aina mbili za mashine, kazi mbili tofauti

Watu wengi huita mashine zote hizi vakyumu. Ziko aina mbili kuu, na kukosea aina ni kosa la gharama kubwa.

Ya kwanza ni kifyonza vumbi cha karakana, kile chenye umbo la pipa dogo, magurudumu chini na bomba jembamba la mpira la upana wa milimita 27 hadi 38 hivi. Kinavuta kwa nguvu sana lakini hewa inayopita ni kidogo. Kifikirie kama mtu anayevuta soda kwa mrija: nguvu ipo, ila njia ni nyembamba. Hiki kinafaa kwa mashine za mkononi, yaani mashine ya msasa, msumeno wa mkono wa umeme, jigsoo na ruta. Bomba lake linachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kutolea vumbi la mashine hiyo.

Ya pili ni mashine ya mifuko. Ina feni kubwa, mfuko mmoja juu na mwingine chini, na bomba la upana wa milimita 100 au zaidi. Hii haivuti kwa nguvu nyingi, lakini inahamisha hewa nyingi sana, kama upepo unaopepeta mahindi. Ndiyo inayofaa kwa mashine za kusimama: mashine ya randa, msumeno wa meza na msumeno wa mkanda. Mashine ya randa hutoa maranda kwa mafungu, na bomba jembamba litaziba ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si "mashine gani ni nzuri?" bali "vumbi langu baya linatoka wapi?" Kama ana mashine ya randa na msumeno wa meza tu, anahitaji mashine ya mifuko. Kama kazi yake kubwa ni kumalizia samani kwa msasa, anahitaji kifyonza chenye kichujio kizuri. Akiwa na vyote na fedha ya mashine moja, ushauri wetu ni kuanza na msasa, kwa sababu maranda ya randa yanaweza kufagiliwa lakini unga wa msasa haufagiliki. Unaingia kifuani kabla hujashika ufagio.

Angalia hewa, usiangalie wati

Wati zinaeleza umeme ambao mashine inakula. Hazielezi kazi inayofanya. Mota mbovu inaweza kula wati nyingi na kutoa kelele na joto. Namba za kutafuta kwenye kibandiko au kwenye boksi ni mbili.

Ya kwanza ni kiasi cha hewa. Huandikwa kwa lita kwa dakika, au mita za ujazo kwa saa (m³/h), na mashine za Kimarekani huandika CFM. Kubadilisha ni rahisi: lita kwa dakika zidisha kwa 0.06 upate mita za ujazo kwa saa, na CFM moja ni kama mita za ujazo 1.7 kwa saa. Kwa mfano, kifyonza cha lita 3,600 kwa dakika kinavuta mita za ujazo 216 kwa saa. Kumbuka kwamba namba hiyo kwa kawaida hupimwa mashine ikiwa mpya na kichujio kikiwa safi. Ukiweka bomba refu na kichujio kilichochafuka, inashuka.

Namba ya pili ni nguvu ya kuvuta, inayoandikwa kwa milibari (mbar) au kilopaskali (kPa). Kifyonza cha karakana cha kawaida huwa na milibari 200 hadi 250. Mashine ya mifuko huwa na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, na hilo si kasoro kwa kazi yake.

Ili vumbi la mbao lisitue ndani ya bomba, hewa inatakiwa ikimbie kwa kasi ya kama mita 20 kwa sekunde. Kutokana na kasi hiyo tumepiga hesabu ya hewa inayohitajika kwa kila bomba:

- Bomba la milimita 36: karibu mita za ujazo 73 kwa saa.
- Bomba la milimita 100: karibu mita za ujazo 565 kwa saa.
- Bomba la milimita 150: karibu mita za ujazo 1,270 kwa saa.

Sasa chukua kifyonza chetu cha mita za ujazo 216 ukiunganishe na bomba la milimita 100 la mashine ya randa. Hewa itakimbia mita saba hadi nane tu kwa sekunde. Maranda yatalala njiani na bomba litaziba. Fundi atasema mashine ni feki, kumbe aliipa kazi isiyo yake.

Jambo jingine ni urefu wa bomba. Kila mita unayoongeza na kila kona unayokunja inakula nguvu. Bomba la mita tatu au nne lililonyooka ni bora kuliko la mita kumi lililozungushwa nyuma ya meza. Sogeza mashine karibu na kazi.

Kichujio: herufi L, M na H

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Vifyonza vya kazi vinavyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hupangwa katika madaraja matatu kulingana na vumbi wanaloruhusu lipite:

- Daraja L: haliruhusu kupita zaidi ya asilimia 1 ya vumbi laini.
- Daraja M: haliruhusu kupita zaidi ya asilimia 0.1.
- Daraja H: haliruhusu kupita zaidi ya asilimia 0.005.

Tuseme gramu 1,000 za vumbi laini zimeingia kwenye mashine. Daraja L linaweza kurudisha hewani hadi gramu 10. Daraja M, gramu 1. Daraja H, sehemu ndogo sana ya gramu. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inashauri daraja M kwa vumbi la mbao. Daraja H limekusudiwa vumbi hatari zaidi kama asbesto, na bei yake huwa juu, kwa hiyo seremala hana lazima nalo.

Kampuni kama Bosch, Makita na Kärcher hutengeneza vifyonza vya madaraja haya, na mara nyingi herufi huonekana kwenye jina la mashine au kwenye kibandiko chenye alama ya tahadhari. Mashine ya daraja M huwa pia na king'ora au taa ya kukuonya hewa inapopungua kwenye bomba, yaani kichujio kimeziba au mfuko umejaa.

Mashine nyingi za bei nafuu hazina herufi yoyote. Hiyo haimaanishi zote ni mbaya, bali hujui zinazuia nini. Kama boksi limeandikwa "HEPA", omba kukiona kichujio chenyewe. Kinatakiwa kuwa na mikunjo mingi iliyobanana kama kitabu, na raba nzima inayokizunguka ili hewa isipite pembeni. Kipande cha sponji au kitambaa chembamba kilichovishwa kwenye kapu la plastiki kinafaa kuvuta maji yaliyomwagika. Kwa unga wa msasa hakifai.

Swali moja zaidi ambalo mafundi wengi hawaulizi: kichujio cha pili kinapatikana wapi? Kichujio ni kama plagi ya pikipiki, lazima kitachakaa. Kama muuza duka hana cha akiba, na hajui kinapatikana Mwanjelwa au mpaka Kariakoo, basi siku kitakapotoboka mashine yako itabaki pambo. Bora kununua vichujio viwili siku hiyohiyo, pamoja na mifuko ya ndani. Mfuko wa kitambaa kisichofumwa hudumu kuliko wa karatasi, na unasaidia kichujio kisizibe mapema.

Umeme: volti, soketi na LUKU

Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni volti 120. Ukichomeka moja kwa moja, mota inaungua kwa sekunde chache, na hakuna fundi wa kuirudisha kwa bei ya maana. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kusaidia, lakini iwe na uwezo unaozidi wati za mashine, na bei yake ijumlishwe kwenye bei ya kifyonza kabla hujasema umepata cha bei rahisi.

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, ambayo ni karibu wati 2,990. Vifyonza vingi vya kazi vina soketi mgongoni: unachomeka mashine ya msasa hapo, na ukiiwasha kifyonza nacho kinawaka. Ni kitu kizuri sana, lakini jumlisha wati. Kifyonza cha 1,200 na msasa wa 300 ni 1,500, hakuna shida. Kifyonza cha 1,200 na mashine ya 2,200 ni 3,400, na hapo fyuzi itaungua au waya utapata moto. Soma pia kikomo kilichoandikwa kwenye soketi hiyo, kwa sababu mara nyingi ni kidogo kuliko cha plagi. Usitumie waya mwembamba wa kurefusha umeme, na usiufanyie kazi ukiwa umeviringishwa.

Kuhusu gharama, kifyonza cha wati 1,200 kikifanya kazi saa tatu kwa siku kinakula uniti 3.6. Kwa siku 26 za kazi ni uniti kama 94. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU, kisha uiweke gharama hiyo kwenye bei ya kitanda au kabati kama unavyoweka misumari na vanishi.

Ndoo ya kimbunga: msaidizi wa bei nafuu

Kuna kifaa kidogo kinachoweza kuongeza maisha ya kichujio chako. Ni koni ya plastiki au bati inayokaa juu ya ndoo yenye mfuniko imara, kati ya mashine ya mbao na kifyonza. Hewa inaingia kwa pembeni na kuzunguka kama kimbunga. Maranda na unga mzito hutupwa ukutani na kuanguka kwenye ndoo, na kifyonza kinapokea unga laini tu. Viwanda vya mbao vimetumia kanuni hii kwa miaka mingi. Mwingereza James Dyson alipata wazo la vifyonza vyake vya nyumbani visivyo na mfuko baada ya kuona kimbunga kama hicho kwenye kiwanda cha mbao.

Fundi bati wa hapa anaweza kutengeneza koni hiyo. La muhimu ni mambo mawili. Viungo visivujishe hewa hata kidogo, maana kinachovuja hakivuti. Na ndoo iwe ngumu, kwa sababu ndoo nyepesi ya plastiki hubonyea bomba likiziba. Kumbuka pia kwamba kimbunga hakichukui nafasi ya kichujio. Unga unaoumiza kifua hupita hapo bila wasiwasi.

Jaribu kabla ya kulipa

Kabla ya kwenda dukani, jaza mfuko mdogo wa nailoni kwa unga laini wa msasa kutoka karakana yako. Beba na tochi. Mwombe muuzaji akuwashie mashine mahali penye giza kidogo, vaa barakoa, vuta unga ule, huku ukimulika tochi kwa pembeni pale hewa inapotokea. Vumbi lisiloonekana kwenye mwanga wa kawaida huonekana kwenye mwale wa tochi, kama unavyoona vumbi likicheza kwenye jua linalopenya tundu la bati. Ukiliona linatoka, acha mashine hiyo. Usipoliona, bado si uthibitisho kamili, lakini angalau mashine haijafeli mtihani mwepesi.

Kisha ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Sauti ya mota inatakiwa ibadilike na kiganja kivutwe kwa nguvu. Kama haibadiliki, hewa inaingia kwa njia nyingine. Angalia raba za mfuniko, angalia kama mdomo wa bomba unaingia kwenye mashine zako za mkononi, na kama hauingii uliza kiunganishi cha raba. Kwa mashine ya mtumba, fungua uone ndani. Vumbi likiwa upande wa mota, kichujio kiliwahi kutoboka au mashine ilitumiwa bila kichujio.

Moto usisahaulike

Unga laini wa mbao unashika moto haraka, na ukiwa mwingi hewani unaweza kulipuka. Kwa hiyo usitumie kifyonza kimoja kwa mbao na kwa grainda ya chuma. Cheche moja ikiingia kwenye mfuko inaweza kufukuta saa nyingi na kuwaka usiku, karakana imefungwa na watu wamelala. Usivute majivu ya moto, na usivute tina au mvuke wa vanishi, kwa sababu kaboni za mota hutoa cheche. Mwaga pumba kila jioni kabla ya kufunga, nje, upepo ukiwa mgongoni na barakoa usoni. Kumwaga mfuko ni moja ya nyakati ambazo fundi huvuta vumbi jingi zaidi.

Pumba za mbao safi zina wateja wa banda la kuku na jiko la pumba. Za MDF na za mbao zilizowekwa dawa, kama zile za rangi ya kijani za nguzo za umeme, zisiende kwenye banda wala jikoni.

Kama fedha bado haijatosha

Si kila karakana itanunua mashine mwezi huu. Yapo ya kufanya leo. Acha kutumia bloa au upepo wa kompresa kusafishia nguo na meza. Bloa haiondoi vumbi, inalihamishia puani. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Kazi ya msasa ifanyie nje au mlangoni, upepo ukitoka kwako kwenda nje. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana usoni. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii unga laini, na ndevu nyingi huacha nafasi pembeni. Hata ukishanunua kifyonza, barakoa ibaki kwa kazi ya msasa, kwa sababu hakuna mashine inayokamata vumbi lote.

Mwenye karakana aliyeajiri watu akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka awalinde dhidi ya hatari za kazi. Na mfanyakazi anayeugua kutokana na kazi anaweza kuwa na haki ya fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya, na umwambie mganga kwamba unafanya kazi ya mbao. Kikohozi kirefu kinaweza kuwa kifua kikuu au kinaweza kuwa vumbi, na mganga asipojua kazi yako hatafikiria la pili.

Turudi kwa fundi wetu

Yeye hutengeneza makabati na vitanda, na kazi yake kubwa ni ya msasa. Tulimwomba arudi dukani aangalie tena. Kifyonza cha wati 2,400 hakikuwa na herufi yoyote, na ndani kilikuwa na sponji. Kile cha 1,200 kilikuwa na herufi M, soketi mgongoni, na kichujio cha mikunjo ambacho muuzaji alikuwa na cha akiba. Kwa kazi yake, cha pili kwa wati ndicho cha kwanza kwa faida, na tulimwambia hivyo. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo ameamua kuweka akiba, na kwa sasa amehamishia msasa nje na kuwanunulia vijana wake barakoa. Tunaona ameamua vizuri.

Ukienda dukani, beba maswali haya sita:

1. Hewa ni kiasi gani kwa saa au kwa dakika?
2. Daraja la kichujio ni L, M au H?
3. Kichujio na mifuko ya akiba vinapatikana wapi, na kwa bei gani?
4. Volti ni 230?
5. Bomba linaingia kwenye mashine zangu?
6. Naweza kuijaribu kwa vumbi langu mwenyewe?

Muuzaji akijibu yote sita bila kukasirika, kaa mzungumze bei.